Zima, Subiri, Washa: Barua ya Wazi kwa Kampuni za Intaneti ya Majumbani

Kwa wakuu wa huduma kwa wateja, wahandisi wa mitandao na mafundi wote mnaofunga ruta majumbani, Dar es Salaam na kwingineko nchini.

YAH: WI-FI ISIYOTULIA

 

Kazi yangu ni kuchora vitu vya pande tatu kwa kompyuta. Natengeneza milango ya nakshi ya Unguja, makochi, vibaraza na taa za chemli, na soko langu liko Second Life, dunia ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Watu huingia humo kwa avata, hununua viwanja, hujenga, hucheza muziki, na hulipana kwa sarafu ya humohumo inayobadilishika kuwa dola. Saa ya dunia hiyo ni ya California. Duka likizinduliwa saa sita mchana kwa saa zao za kiangazi, hapa Dar ni saa nne usiku, wakati ambao mtaa mzima umesharudi, umekula na umeketi na simu mkononi. Ndiyo maana wahudumu wenu wa zamu ya usiku wanaijua sauti yangu.

Wananijibu kwa adabu, sina ubishi. Zima ruta, subiri sekunde 30, washa, kisha pima spidi. Napima. Kipimo kinasoma megabiti 40, sawasawa na nilizolipia, na mhudumu ananiambia kwa furaha kwamba kwa upande wao kila kitu kiko vizuri. Muda huohuo avata yangu iko mbele ya mteja, inapiga hatua bila kusogea, inaruka ghafla mita kumi, inazama ukutani, inarudishwa ilikotoka. Mteja anaandika, "Upo?" Ujumbe unanifikia akiwa ameshaondoka.

Namba mnayoniuzia, mnayonipimia na mnayonijibia ni megabiti, na ugonjwa wangu haumo ndani ya namba hiyo. Megabiti zinaeleza ni data kiasi gani inaweza kupita kwa sekunde. Hazielezi kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, imetumia muda gani njiani, wala kama inayofuata imetumia muda huohuo, wala ngapi zimepotea. Mtu anayetazama filamu hasumbuki na hayo kwa sababu filamu hujiwekea akiba ya sekunde nyingi mbele. Avata haina akiba. Hatua ambayo sijaipiga haiwezi kupakuliwa mapema.

Niwaeleze kidogo yanayotokea humo ndani, maana wengi wenu mnauza njia bila kujua nani anapita. Programu ya Second Life huzungumza na seva kwa namna mbili. Picha za kuta, nguo na samani hushushwa kama zinavyoshushwa kurasa za tovuti, na pakiti ikipotea huombwa tena mpaka ifike. Mtandao ukichoka utaona vitu vya kijivu kwa muda, basi. Lakini mwendo, mahali uliposimama, ulichokigusa, nani ameingia chumbani, hivyo hupita kwa UDP, utaratibu usiomsubiri mtu. Pakiti iliyopotea imepotea, isipokuwa kama programu yenyewe imeiwekea alama ya lazima na ikaituma upya. Kwa hiyo naweza kusimama ndani ya nyumba iliyokamilika, kila tofali mahali pake, na nisiweze kufungua mlango. Roblox, na ile Minecraft ya kwenye simu, nazo zinategemea UDP. Wapwa zangu wasiojua maana ya pakiti wanasema tu "inalagi", na wako sahihi kuliko kipimo chenu cha spidi.

Dalili hizo mbili peke yake zingemtosha mhudumu kujua pa kuanzia. Vitu vya kijivu lakini natembea vizuri: tafuta uzito kwenye kasi au kwenye kompyuta yangu. Vitu vyote vipo lakini natembea kwa kuvutwavutwa: pakiti zinachelewa au zinapotea. Tena programu yenyewe ina dirisha la takwimu. Bonyeza Ctrl, Shift na 1 kwa pamoja. Fremu kwa sekunde zikishuka, kompyuta yangu imeelemewa, na hapo msije, ni juu yangu. Upo mstari unaoonyesha kama saa ya seva inakwenda sawa na saa ya kweli. Ukiwa 1 au karibu yake seva ni nzima, ukishuka seva imezidiwa na wageni na lawama ziende Marekani. Kisha ipo asilimia ya pakiti zilizopotea, na muda wa kwenda na kurudi kwenye seva. Hapo ndipo mnapoingia ninyi, na hapo ndipo sijawahi kuulizwa swali hata moja.

Sidai miujiza. Mitambo ya Second Life ilihamishiwa kwenye seva za Amazon mwaka 2020, na iko magharibi ya Marekani, upande wa Oregon. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Chukueni njia ya kilomita 20,000 kwa kupitia Bahari ya Shamu, Ulaya na Atlantiki: ni milisekunde 100 kwenda na 100 kurudi kabla kifaa chochote hakijaigusa pakiti. Milisekunde 300 ninazoziona usiku mtulivu ni za haki kabisa. Mtu huzizoea, ukishajua kila hatua inachelewa kwa kiasi kilekile, mkono hujifunza kutangulia. Kisichozoeleka ni 300, halafu 310, halafu 1,400, halafu 290, halafu kimya.

Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, taarifa zilitoka, nchi nzima ikajua, watu wakavumilia. Lakini ugonjwa wa kila usiku hauko mbali hivyo. Kwangu mara nyingi uko kati ya sebule na chumba cha kazi, na hapa nitawatetea: waya wenu unaoingia nyumbani huwa mzima. Kosa lenu ni kuhesabu kwamba jukumu linaishia kwenye ruta, wakati ruta ni yenu, fundi aliyeipachika ni wenu, na redio iliyomo ndani yake mmeichagua ninyi.

Kutenganisha hayo hakuhitaji mtaalamu. Mteja afungue dirisha la amri, aandike ping na anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, aiache iende dakika chache (kwenye Windows aongeze -t) huku ameketi pale anapofanyia kazi. Pakiti hiyo haitoki hata getini. Jibu linapaswa kurudi ndani ya milisekunde moja hadi tano hivi. Likiyumba mpaka 80, mpaka 200, mpaka 500, hakuna haja ya kuisingizia bahari. Kisha achomeke kompyuta kwenye ruta kwa waya, arudie. Ikitulia, mgonjwa ni hewa ya ndani ya nyumba. Kama hadi kwenye ruta kumetulia, kwa waya na bila waya, lakini anwani ya nje inaruka, basi mgonjwa yuko kwenu, na mhudumu akome kumwambia mteja azime na kuwasha. Kipimo kizima ni dakika kumi. Mnatumia zaidi ya hizo kunipigia muziki nikisubiri kwenye foleni.

Wi-Fi ni redio, na redio ya masafa ya 2.4 GHz ni finyu. Chaneli zinahesabiwa mpaka 13 lakini zinapandana. 1, 6 na 11 ndizo zisizogusana. Hapa Sinza nikifungua orodha ya mitandao, majina ya majirani yanajaza skrini na kuendelea chini. Vifaa vilivyo kwenye chaneli moja husikiliza kwanza, na kingine kikiwa kinatuma, husubiri. Saa nane mchana kusubiri huko hukuoni. Saa nne usiku kila mtu anatuma. Fundi mmoja, kwa nia njema kabisa, aliiweka ruta yangu chaneli 4 ili "ikwepe watu". Kwenye chaneli 4 unapigwa na kelele za walio 1 na za walio 6, na kwa kuwa pakiti zao hazisomeki ukiwa pembeni, mpango wa kusubiriana nao unavurugika. Ni afadhali kupanga foleni kwenye 6 pamoja na jirani kuliko kujibanza katikati. Oveni za maikrowevu nazo hufanya kazi karibu na 2.45 GHz, na spika za Bluetooth zimo humohumo. Anayepasha wali jikoni anaweza kunitoa dukani bila kujua.

Masafa ya 5 GHz yana nafasi kubwa na majirani wachache, lakini hayapendi kuta. Nyumba zetu ni za tofali za saruji, nguzo zenye nondo, slabu kati ya ghorofa, na pengine simtanki limekaa katikati ya njia. Maji hunyonya mawimbi, chuma huyarudisha. Ndugu zangu wa Mji Mkongwe wenye kuta nene za mawe ya matumbawe wana hali ngumu kuliko yangu, na kwao bila kupitisha waya ni kujisumbua tu. Halafu ruta zenu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeyaunganisha masafa yote mawili kwa jina moja. Kompyuta iliyo pembezoni, mahali ambapo 5 GHz inafika kwa shida, huhamahama kati ya haya na yale, na kila kuhama kuna ukimya kidogo. Kwenye YouTube hutauona. Second Life imegawanywa katika maeneo ya mita 256 kwa 256, na kuvuka mpaka ni kukabidhiwa kutoka seva moja kwenda nyingine. Ukimya ukiangukia hapo, umetupwa nje. Tenganisheni majina ya masafa hayo mawili. Ni mpangilio wa dakika moja, lakini ruta nyingine mmezifunga na nenosiri la mipangilio mmebaki nalo ninyi.

Kompyuta zenyewe nazo zina makosa yake. Baadhi hukatiza mazungumzo kila baada ya muda ili zitafute mitandao mingine, nyingine hulaza kadi ya Wi-Fi kwa ajili ya kubana betri. Ukiona kuruka kunakojirudia kwa vipindi vilevile, mathalani kila dakika, shuku hilo kabla ya kushuku ruta. Na umeme: ruta nyingi huchagua chaneli zinapowaka, kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi, mtaa mzima unachagua kwa mkupuo mmoja. Usiku wa namna hiyo huwa mbaya hata kwa mtu ambaye jana yake alikuwa vizuri. Kibetri kidogo cha volti 12 cha kuishikilia ruta kinamfaa mteja kuliko kuongezewa megabiti, ila sijapata kuona kampuni inayokiweka kwenye kifurushi.

Mafundi, nanyi nina neno lenu, na nalisema kwa heshima maana nawaona mnavyopanda nguzo na jua la Dar. Waya unaingizwa ukuta ulio karibu na nguzo, na karibu siku zote ukuta huo ni wa sebuleni, kwa hiyo ruta inawekwa nyuma ya televisheni. Fundi anasimama hatua mbili kutoka hapo, anapima spidi kwa simu yake, anapiga picha ya namba, mteja anasaini. Mtandao umekaguliwa mahali pasipo na mtu atakayeutumia. Ulizeni kwanza: kazi mnafanyia chumba gani? Watoto wanachezea wapi? Kisha pimeni hapo, mlango ukiwa umefungwa, na ikibidi vuteni waya mpaka hapo. Waya wa kawaida wa mtandao unakwenda mpaka mita 100, na hakuna nyumba ya Sinza inayofika huko. Msikimbilie kutuuzia vile vidude vya kurudia mawimbi. Vingi kati ya hivyo hutumia hewa ileile mara mbili, kupokea na kutuma, na ucheleweshaji unaongezeka. Vinamfaa anayesoma habari kitandani.

Sasa jambo ambalo ni lenu wenyewe, wahandisi. Nikiwa peke yangu mtandao unatulia. Mtu mmoja nyumbani akianza kupandisha video ya harusi WhatsApp, dunia yangu inakwama mpaka video iishe. Megabiti hazijaisha. Kilichotokea ni kwamba ruta ina ghala kubwa la kusubirishia pakiti, inakubali kila kinachokuja, na pakiti yangu ndogo ya hatua moja inakaa nyuma ya zote za video, kama bodaboda aliyelazimishwa kupanga foleni ya malori kwenye mizani. Mhandisi Jim Gettys aliupa ugonjwa huu jina na kuupigia kelele zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha CoDel, kanuni inayoangalia pakiti imesubiri muda gani badala ya kuangalia ghala limejaa kiasi gani, na mwaka huohuo fq_codel, toleo linaloyapa kila mazungumzo foleni yake, likaingia kwenye kiini cha Linux. Bure. Ruta nyingi mnazotugawia zinaendeshwa na Linux, lakini swichi ya kuwasha jambo hilo haionekani kwa mteja.

Mimi nimenunua ruta yangu mwenyewe, nikaiwekea ukomo chini kidogo ya kasi ya kifurushi ili foleni ijipange ndani ya nyumba yangu badala ya kwenu, nikawasha fq_codel. Nikapoteza megabiti kadhaa kwenye kipimo chenu. Video za harusi zinapanda, na mimi natembea. Nilipomsimulia mhudumu wenu alinionya kwamba ruta isiyo ya kampuni haina msaada wa kiufundi. Nilicheka peke yangu, Mungu anisamehe.

Nimeambiwa pia, zaidi ya mara moja, "Kumbe ni gemu tu." Tuseme ni gemu. Aliyelipia mwezi mzima ana haki ya kucheza. Lakini ukweli ni kwamba dunia hizi huonyesha mapema maradhi ambayo wengine watayapata baadaye. Anayehojiwa kazi kwa video, mwanafunzi anayefanya mtihani mtandaoni, mgonjwa anayeongea na daktari aliye mkoa mwingine, wote wanapita njia ileile. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, kwa mazungumzo ya sauti hupendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150, na muda ukianza kurukaruka watu hukatizana maneno na kudhaniana hawana adabu. Nikiwapigia kulalamika kwamba avata imezama ukutani, nawaletea taarifa ya bure kuhusu mtaa mzima.

Ninachoomba si kikubwa. Wapeni wahudumu ruhusa na maarifa ya kuuliza maswali ya maana kabla ya kusema zima: unatumia waya au Wi-Fi, uko chumba gani, ping ya ruta inasemaje, inaharibika mtu mwingine akipandisha kitu? Wapeni na uwezo wa kuibadili chaneli wakiwa hukohuko ofisini. Mitambo mingi inaruhusu. Toeni ruta zenye foleni za kisasa zikiwa zimewashwa tayari, maana mama anayeuza nguo kwa video ya moja kwa moja hatakuja kujifunza fq_codel, na hapaswi.

Na kwenye matangazo yenu, chini ya hizo megabiti za herufi kubwa, andikeni ucheleweshaji wa kawaida, kuyumba kwake na pakiti zinazopotea, vilivyopimwa saa nne usiku na si saa kumi alfajiri. Tangu Aprili 2024, Tume ya Mawasiliano ya Marekani inazilazimisha kampuni kubwa za intaneti kuonyesha lebo inayotaja bei, kasi na ucheleweshaji wa kawaida, na zile ndogo zilifuata Oktoba mwaka huo. Hata lebo hiyo ina upungufu, haitaji kuyumba. Ninyi mnaweza kuipita bila kusubiri kulazimishwa: pimeni hadi sehemu moja hapa Dar na hadi sehemu moja Ulaya, mchapishe kila mwezi kwa kila wilaya. Kampuni ya kwanza itakayofanya hivyo nitahamia, hata kama inauza megabiti 10, na najua wachoraji, walimu wa mtandaoni na wazazi wa wachezaji wa Roblox watakaonifuata.

Wiki ijayo fundi wenu anakuja kwangu kwa taarifa niliyoifungua. Mpeni waya wa mita 15, mwambieni nyumba ina ngazi, na asipime sebuleni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mteja wa kifurushi cha mwezi,
Sinza, Dar es Salaam